Gari la Watu Wawili

Gari lilikutwa saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumanne, limelala ubavu ndani ya mtaro, pale barabara ya shule inapokata kona kuelekea hospitali. Manyunyu ya mvua yalikuwa bado yanaanguka. Mfagia barabara aliyeliona kwanza alidhani ni bati jekundu limepeperushwa na upepo, kwa jinsi lilivyokuwa dogo, mpaka bati hilo lilipomwita kwa sauti ya mtu mzima. Alitupa ufagio, akaita wenzake, wakaliinua kwa mikono mitupu. Ndivyo lilivyokuwa jepesi. Chini yake ulikuwa mkono wa kulia wa daktari wa meno, umebanwa kati ya mlango na ukingo wa zege.

Daktari hakuzimia. Heri angezimia, maana maneno aliyoyasema akiwa juu ya machela, askari wa zamu aliyaandika kama yalivyo: "Gari limechezewa. Tangu Jumapili halishiki barabara. Muulizeni mke wangu."

Kesi ikamwangukia Inspekta Pole. Jina hilo hakupewa na wazazi. Wenzake kituoni walimbandika kwa sababu kila mahojiano aliyaanza kwa kumpa mtu pole, na pole yake ilikuwa na mkia. Wezi wazoefu wakiisikia tu walianza kutafuta pa kukaa.

Saa nne alikuwa gereji ya polisi, amesimama juu ya kigari kile chekundu cha viti viwili. Paa lake la turubai lilikuwa limechanika vipande vipande.

"Breki?" alimwuliza fundi.

"Nzima, afande."

"Usukani?"

"Mzima. Hebu piga hapa." Fundi alimwonyesha tairi. Inspekta akalipiga kwa kidole, kidole kikamwuma.

"Gumu kama jiwe."

"Na ndilo tatizo. Mlangoni kuna kibandiko, kinasema matairi yajazwe upepo ishirini na sita. Nimeyapima yote manne. Kila moja lina arobaini na nne. Si arobaini na tatu, si arobaini na tano."

"Na hiyo inaua mtu?"

"Gari zito lingevumilia. Hiki hakina uzito wa kulikandamiza tairi. Ukilijaza hivi linakanyaga barabara kwa kaukanda ka katikati tu. Lami ikilowa, ukifika kwenye kona, umekwisha."

Fundi akajikuna kisogo. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa usingizi, lakini usingizi huo haukufika kwenye macho.

"Kitu kimoja kinanikera, afande. Wanaoharibiana magari nawajua. Wanatoboa tairi, wanatoa upepo, wanakata mipira ya breki. Anayejaza sijamwona. Na huyu, vifuniko vya vali amevirudisha vyote na kuvikaza. Oili iko mahali pake. Maji ya kusafishia kioo yamejazwa mpaka shingoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Mimi ni fundi tu."

"Maji hayo yanajazwa kwa kufungua boneti. Boneti inafunguliwaje?"

"Kwa kishikizo cha ndani, chini ya usukani. Bila ufunguo wa mlango hukifikii."

Hapo ndipo Inspekta alipojikwaa, na baadaye alijilaumu sana. Alilichukua neno la ufunguo akaondoka nalo, na yale maji akayaacha pale pale gereji. Alikuwa mpelelezi hodari, lakini hodari naye ana siku yake.

Saa sita mchana alibisha hodi nyumbani kwa daktari. Ilikuwa nyumba safi, yenye gereji pana kuliko mahitaji ya sasa. Ungeweza kukiegesha kile kigari humo na bado ukacheza mpira. Mke wa daktari, mwalimu wa hesabu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka hospitali. Chaki ilikuwa bado kwenye mkono wa blauzi yake.

"Pole sana, mwalimu."

"Asante, afande. Uliza."

"Funguo za gari hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, ukutani, karibu na jokofu. Anachukua anayetaka. Humu ndani tuko watatu: mimi, mume wangu na baba mkwe."

"Ijumaa mkiwa mezani ulimwambia nini mumeo?"

"Kumbe ameshawaambia. Nilisema kigari kile kitamtupa mtaroni siku moja, na mimi sitakwenda kumwokota."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira. Wewe huna mume?"

"Ninaye."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Kisha akasimulia, na alisimulia kwa mpangilio kama mtu anayeandika ubaoni. Gari la zamani lilikuwa la milango minne, lenye injini ya mbio na viti laini kama godoro. Lilikuwa gari la nyumba nzima. Kila Jumapili walikwenda nalo watatu nje ya mji kumwona shangazi wa daktari, dada wa baba mkwe. Mwalimu mbele na mumewe, mzee nyuma, amenyoosha mguu wake mbovu. Mwezi uliopita daktari aliondoka asubuhi na gari hilo bila kumwambia mtu neno. Jioni akarudi na kigari chekundu, amebadilishana na mpiga picha mmoja wa mtaa wa pili, anacheka peke yake.

"Alitoka na gari akarudi na mzaha," alisema mwalimu. "Mimi nilikasirika. Lakini baba ndiye aliyeumia. Alilizunguka mara moja, akasema: 'Viti viwili. Basi leo nimejua hesabu ya familia yako.' Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawasemezani. Wanakaa meza moja, na chumvi inapitia kwangu. 'Mkwe, mwambie huyo bwana anisogezee chumvi.' Na huyo bwana yuko hapo hapo, kiwiko kwa kiwiko!"

Alitaka kucheka, kicheko kikakataa njiani.

Mzee alikuwa sebuleni, fimbo katikati ya magoti. Aliendesha malori maisha yake yote, na barabarani walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona akikimbia wala akichelewa.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa yaliyompata kijana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Gari la mwanao uliwahi kuligusa?"

"Sikuligusa wala sikulikaribia. Niliapa mbele ya mkwe wangu kwamba mkono wangu hautakishika kidude kile." Alilisema hilo akiliangalia dirisha. "Na mkwe wangu mwacheni. Huyo hana kosa."

Inspekta alijumlisha. Funguo ziko ndani ya nyumba. Mzee ana mguu mbovu na kiapo. Mke ana hasira, ana maneno aliyoyatamka mwenyewe, na mume anamtaja yeye. Saa tisa alasiri mwalimu aliingizwa kwenye gari la polisi mbele ya majirani waliokuwa ghafla na kazi nyingi za kufagia nje ya nyumba zao. Kabla mlango haujafungwa alimgeukia baba mkwe wake aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Baba, dawa zako ziko juu ya kabati. Za jioni ni zile nyeupe."

Mzee alifungua kinywa, akakifunga.

Usiku ule mwalimu alilala mahabusu, na Inspekta alilala kwake, ila hakulala vizuri. Mtu aliyetaka kuua amejaza maji ya kusafishia kioo ya nini? Ili anayekwenda kufa aone vizuri? Swali hilo lilimsumbua mpaka asubuhi.

Jumatano saa mbili alikuwa studio kwa mpiga picha. Jirani mmoja alikuwa ameeleza kwamba mtu huyo alionekana Jumapili alfajiri akichungulia kwenye geti la daktari, na mtu anayechungulia geti la mwenzake alfajiri lazima awe na la kusema. Mpiga picha alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na begani kwake palikuwa na doa la maziwa aliyocheua mtoto.

"Pole kwa uchovu," alisema Inspekta.

"Afande, mke wangu amejifungua mapacha. Nikipewa pole za mwaka mzima hazitatosha."

"Geti la daktari ulilifuata nini?"

Kijana aliinama, akacheka kwa aibu. "Nilikwenda kukiona kigari changu. Nilikipenda, afande. Nilikitafuta kwa miaka mingi, nikakipata, halafu tukawa wanne kwa mpigo. Hao watoto ningewaweka wapi, juu ya boneti? Daktari akaja mwenyewe kukitongoza, tukabadilishana. Sasa nina gari zuri, kubwa, tulivu, na kila nikilipanda nahisi niko sebuleni kwa mama mkwe. Jumapili nilikuwa nakwenda kwenye kazi ya picha, nikapita pale. Ni kama mtu anavyopita kwa mchumba wake wa zamani. Hataki kitu, anataka kuona taa tu."

"Ukaona nini?"

"Taa ilikuwa inawaka gereji, mlango umefunguliwa nusu. Mtu ameinama kwenye gurudumu, kanipa mgongo, amevaa koti. Nikajua ni daktari. Nikasikia pampu ya mguu, fyuu, fyuu. Kisha ko, ko. Kimya. Fyuu tena. Ko, ko."

"Hiyo ko ko ni ya nini?"

"Sijui. Kama mtu anabisha hodi, halafu anasubiri kuitikiwa. Nikasema moyoni, daktari anakitunza kuliko mimi. Nikaona wivu, nikaenda zangu."

Inspekta alimwamini. Ufunguo hakuwa nao, na tena mtu anayekipenda kitu namna ile asingekitupa mtaroni. Lakini hadithi yake haikumsaidia mwalimu. Ilisema tu kwamba yupo mtu, Jumapili alfajiri, aliyejaza matairi na kuyabishia hodi.

Saa tano alirudi nyumbani kwa daktari kutafuta pampu. Hakuhangaika. Ilikuwa nyuma ya makopo ya rangi, pampu ya zamani ya mguu, nzito, iliyofutwa vumbi. Haikuwa na saa ya kupimia upepo. Aliigeuza huku na huku. Mtu asiye na kipimo aliwezaje kuyajaza matairi manne sawasawa, bila kupunguza wala kuzidisha?

Mzee alitoka nje kumsindikiza, akichechemea. Inspekta alipofungua mlango wa gari la polisi, mzee hakusimama. Alilizunguka gari lile kama alivyozunguka malori kila asubuhi ya maisha yake, bila kujua kwamba anafanya hivyo, na kila alipofika kwenye gurudumu aliligonga kwa fimbo na kutega sikio. Ko, ko. Ko, ko.

"Hili la nyuma, la kushoto, limepungua," alisema. "Usiende nalo mbali, mwanangu."

Inspekta alisimama na mlango mkononi. Hakuona furaha ile ambayo wapelelezi husema huiona mafumbo yanapofunguka.

"Mkwe wangu mtaniachia lini?" mzee aliendelea. "Yule binti hajui hata breki zinakaa wapi. Na breki zenyewe zilikuwa nzima, Jumapili nilizi..."

Akaishusha fimbo kutoka kwenye gurudumu.

"Ulizifanyaje, mzee?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Vaa koti," Inspekta alimwambia kwa upole. "Twende hospitali."

Saa tisa alasiri walikuwa wamekusanyika kwenye chumba cha daktari: yeye kitandani, mkono wake umefungwa na kuning'inizwa, mzee kwenye kiti cha wageni, mwalimu karibu na mlango, blauzi ile ile ya jana mwilini, askari wa kike pembeni yake. Daktari hakumtazama mkewe. Asubuhi hiyo daktari wa upasuaji alikuwa amemweleza kwamba mkono utapona, ila vidole havitashika tena kwa nguvu. Ataweza kubeba kikombe. Jino hataling'oa tena.

"Gari lako lilichezewa kweli," Inspekta alianza. "Na aliyelichezea ana ufunguo, maana alifungua boneti. Lakini hakukata kitu wala kulegeza kitu. Alijaza maji ya kioo, akaangalia oili, akakagua breki, na matairi akayajaza mpaka yakapitiliza. Mimi nilitafuta mtu anayekuchukia. Nilipaswa kutafuta mtu anayekuogopea. Mzee, matairi ya lori yanapimwaje?"

"Kwa fimbo na sikio," mzee alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tairi linalolia bubu limepungua. Linalolia wazi liko tayari. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwahi kupasukiwa na tairi barabarani. Hata lile gari la zamani mimi ndiye niliyelijaza, kila Jumapili, na halikuwahi kumsumbua."

"Lile lilikuwa zito, likavumilia."

"Hiki yote manne yalikuwa yanalia bubu. Yote manne! Nikasema, kijana huyu ana haraka, hajui kitu, atajiua. Nikajaza mpaka yakalia." Alimgeukia Inspekta. "Kwani ni matairi, mwanangu? Si breki? Mlisema gari limechezewa, mimi nikajua ni breki. Nikasema si mimi, breki niliziacha nzima."

Inspekta alimwitikia kwa kichwa: ni matairi.

"Kibandiko cha vipimo kiko mlangoni, baba," daktari alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baba yake tangu siku ile ya viti viwili.

"Sikukiona."

"Si ungeniuliza."

"Ningekuuliza kwa mdomo gani? Tulikuwa hatusemezani."

Mvua ilikuwa imekatika, na kwenye ukumbi wa nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha sahani. Daktari alifumba macho.

"Kile kiti kilikuwa chako," alisema.

"Kiti gani?"

"Cha pili. Nikiwa mdogo ulinihadithia, ulikuwa unapanda mlima na lori, gari la wazi likakupita. Ndani yake kuna mzee na kijana wake, mzee ameshika kofia mkononi, anacheka. Uliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, baba. Ulisema wewe umeendesha dunia nzima na hujawahi kupigwa na upepo kama ule. Miaka yote hii nilikuwa nakupakia nyuma kama mzigo. Nikaona kijana anauza kile kigari. Nilitaka Jumapili moja moja tuwe wawili tu, ukae mbele, paa wazi. Mwalimu tungemtafutia gari lake."

Mzee alikuwa anatikisa kichwa polepole. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa natoka kwenye gari nikuambie. Ukatangulia kusema wewe."

Mzee aliinuka kwa msaada wa fimbo, akamwendea Inspekta, akamnyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

"Nifunge."

"Hakuna kifungu cha sheria cha mtu aliyejaza upepo kwa nia njema, mzee."

"Kitafute. Ninyi mna vitabu vingi."

Inspekta aliishika mikono ile, akaiteremsha. Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, uko huru. Nilikufunga kwa maneno ya hasira, na ushahidi nilikuwa nao mkononi. Pole. Najua haitoshi."

"Haitoshi," mwalimu alikubali.

Sasa daktari alimtazama. "Mke wangu, nisamehe. Nilikuwa na maumivu, sikujua ninachosema."

"Ulijua." Mwalimu hakupandisha sauti, alisema kama anavyosema mbele ya darasa lililotulia. "Mtu akiwa kwenye machela hana nafasi ya kutunga. Lililokutoka ndilo lililokuwemo. Na wewe, baba. Nakupenda, unajua. Lakini jana ulijua umelikagua gari lile kwa mikono yako, ulijua kwamba mimi sikuligusa, ukasimama kizingitini ukaniangalia nikipakiwa, ili kiapo chako kisivunjike."

"Mkwe wangu..."

"Mmenyamaziana ninyi wawili, nikalala mahabusu mimi."

Daktari alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukabaki hewani juu ya shuka. Mwalimu alikwenda, akaushika, akaulaza taratibu kifuani pake kama unavyomrudishia mtu kitu chake, kisha akauachia.

"Afande, naomba unifikishe kwa dada yangu," alisema.

"Utarudi lini?" daktari aliuliza.

"Sijui."

Walitoka. Hatua chache nje ya mlango Inspekta alisikia mzee ameanza kusema, na daktari naye akasema juu ya maneno yake, wote kwa pamoja, kwa pupa, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mwalimu naye alikuwa anawasikia. Alifunga kifungo cha blauzi kilichokuwa kimefunguka, akauliza ngazi ziko upande gani.